Kwa Nini Kamba ya Kuku Hupimwa Hadi Juu ya Tuta

Weka chini hilo jembe, Eliamini, kabla hujanimalizia pembe yangu. Nimekutazama tangu asubuhi, mkwe wangu. Tuta umelijenga, siwezi kusema uongo. Magogo ya pembeni umeyalaza yakalala, majani makavu umeyashindilia chini, samadi na jivu umevitandaza juu kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Lakini sasa unataka kupanda mchicha mpaka kwenye ile pembe ya mwisho, na nikikukataza unamtazama mke wako, kana kwamba mama yake ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Ile pembe haipandwi. Hata bibi yangu hakuipanda, naye aliijua njaa kuliko wewe.

Na yule kuku mliyeniletea, nimeshukuru, ni kuku mzuri. Ila nani amemfunga pale kwenye mti na kamba fupi namna ile? Najua, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hata wewe siku ya kwanza kuja hapa ulikaa kwenye ncha ya kiti kama umefungwa. Lakini kamba ina kipimo chake. Naetwe, mwanangu, lete makande tule. Kaeni hapo kwenye gogo, niwaambie jambo hili lilikotoka, maana mwaka kesho mtajenga tuta hili mbele ya watoto wenu, nao watauliza.

Zama hizo watu walilima chini, vile vile ardhi ilivyolala. Hapakuwa na tuta. Mtu alikwangua udongo, akatupa mbegu, akaondoka, na yaliyobaki akamwachia Mungu na mvua. Kuku naye hakuwa wa mtu. Aliishi vichakani, akataga anapopenda na kulala juu ya miti. Tena alikuwa na maneno. Hakuwa msemaji sana, lakini akisema, unamwelewa.

Katika bonde lililo kati ya milima miwili aliishi mwanamke aitwaye Makiwa. Shamba lake lilikuwa chini kabisa, mahali ambapo maji ya milima yote miwili hukutana. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, wa kupendeza macho, lakini mvua ikinyesha uligeuka uji. Maharage yalioza kabla hayajachungulia. Mume wa Makiwa alikuwa amezikwa kando ya shamba lile, na karibu yake alizikwa binti yake wa pekee. Mkwewe, mume wa binti huyo, alikuwa ametangulia mapema zaidi. Kilichobaki duniani, cha kumwita Makiwa jina lolote la upendo, kilikuwa mjukuu mmoja, Nakunda.

Nakunda alikuwa katika umri ule wa kudondoka meno ya mbele. Alipenda kutembea ameshika upindo wa nguo ya bibi yake. Makiwa akienda kisimani, upindo umeshikwa. Akikoroga chungu, upindo umeshikwa. Usiku mtoto alilala nao mkononi, na Makiwa hakuthubutu kugeuka upande wa pili asije akauvuta. Watu walimwambia atamharibu mtoto. Akawajibu kwamba nguo ni yake na mtoto ni wake.

Lakini kwa desturi, mtoto hakuwa wake. Alikuwa wa ukoo wa baba yake, na babu yake mzaa baba, Mzee Kirumbi, aliishi juu mlimani kwenye udongo mwekundu na migomba minene. Msimu mmoja wa njaa, Kirumbi alishuka bondeni. Alimkuta Makiwa akichemsha majani ya porini, na mtoto amekonda hata shingo imekuwa ndefu. Kirumbi hakuwa mtu mbaya, msimwone hivyo. Alikaa, akanywa maji kwanza.

"Mkwe wangu," alisema, "sisi si wanyang'anyi. Lakini huyu ni damu ya mwanangu, na sitamzika kwa njaa huku ghala langu lina kitu. Nitarudi wakati wa mavuno. Nikikuta una chakula cha kumfikisha msimu mwingine, atabaki kwako, na sitalisema tena neno hili. Nikikuta chungu kitupu, nitamchukua, nawe usinililie."

"Nimesikia, mkwe," Makiwa alijibu. Alimsindikiza hadi kijitoni, kama adabu inavyotaka, kisha akarudi jikoni, akahesabu mbegu alizobakiwa nazo.

Mvua za kwanza zilipoanza, alikwenda kichakani kutafuta kuni. Kila mahali pametota. Maji yalipita kati ya vidole vyake vya miguu. Ndipo alipomwona kuku mmoja, kishingo asiye na manyoya shingoni, ameatamia mayai nyuma ya gogo lililoanguka. Alikuwa mkavu kabisa. Mayai yake nayo yalikuwa makavu. Makiwa alisimama pale akisahau kuni.

"Unatazama nini?" kuku akauliza.

"Natazama ulivyokauka. Dunia nzima imelowa."

"Dunia nzima imekaa chini," alisema kuku. "Chini ni mahali pa maji. Mimi nimekaa juu ya takataka zangu."

Makiwa akachuchumaa, akatazama vizuri. Ni kweli. Kuku huyo alikuwa amechakura mbele ya gogo lile siku nyingi, na mnajua kuku anavyochakura: miguu inarusha nyuma. Majani, vijiti, udongo na mavi yake mwenyewe vilirushwa nyuma, vikagonga gogo, vikakwama hapo, vikajilundika. Lundo liliinuka mpaka likawa kitanda. Maji yalipita chini yake, na juu palikuwa na joto. Pembeni, mbegu moja ya mchicha iliyodondoka kwa bahati ilikuwa imeota, nene, ya kijani kibichi, kuliko mchicha wowote aliowahi kuuona bondeni.

"Nani alikufundisha?" Makiwa aliuliza.

"Sikufundishwa. Nilikuwa natafuta wadudu."

Makiwa alirudi nyumbani bila kuni. Kesho yake alivuta magogo ya mgunga na migomba iliyokufa, akayalaza yakutane ncha kwa ncha. Ndani akajaza majani makavu, mabua, mavi ya mbuzi aliyoomba kwa jirani, na jivu la jikoni. Juu akapandisha ule udongo mweusi kwa ungo, yeye na Nakunda, ungo baada ya ungo. Majirani walipita wakacheka. Mmoja wao, mama mnene aliyependa utani, alisimama njiani akiwa na mtungi kichwani.

"Makiwa, shoga yangu, unazika nini na kaburi lenyewe liko juu?"

"Nazika njaa," Makiwa akamjibu. "Njoo umwage udongo, thawabu tugawane."

Yule mama alicheka mpaka maji yakamwagika mtungini, akaenda zake. Lakini maharage yaliota. Yaliota yote, yamesimama, na majani yake hayakuwa na ile manjano ya kuoza. Makiwa aliamka alfajiri kuyatazama, akainama, akayanusa. Alijenga tuta la pili, na la tatu, na usiku alimwambia Nakunda, "Hutoki hapa. Hakuna atakayekutoa hapa."

Asubuhi moja yule kuku kishingo akaja, nyuma yake vifaranga wakiimba. Akalizunguka tuta mara moja, kichwa upande, jicho moja kisha la pili.

"Umekitengeneza vizuri kitanda changu," alisema. "Niachie pembe moja, nichakure na wanangu. Nyingine zote panda."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Angekuwa mtu mwingine ningesema ni uchoyo, lakini haukuwa uchoyo. Ilikuwa hofu. Makiwa alilitazama tuta, na kila kiganja cha udongo alikiona ni kijiko cha chakula cha Nakunda. Pembe moja ni chungu kizima cha maharage. Je, kama ni hicho chungu kitakachokosekana siku Kirumbi atakapochungulia ghalani?

"Siwezi," alisema. "Nisamehe. Msimu huu siwezi."

Kuku hakugomba. Ila kuku ni kuku. Makiwa alipogeuka kuchukua maji, mwenzake alikuwa tayari juu ya tuta, na miche ilikuwa inaruka nyuma, mizizi juu. Makiwa alipiga kelele akamfukuza. Akarudi. Akamfukuza tena, akarudi tena na wanawe. Basi Makiwa akasokota kamba ya mgomba, akamkamata, akamfunga mguu kwenye kisiki kilichokuwa pale chini, kwenye ardhi ya kawaida, karibu na tuta lakini si karibu ya kutosha. Kamba aliifanya fupi makusudi. Alimwachia maji na punje, na kifuniko cha majani cha kumkinga na mwewe.

"Ni mpaka maharage yashike mizizi," alimwambia. "Kisha nitakufungua, nakuapia."

"Refusha kidogo," kuku akasema. "Nifike pale juu likitokea la kutokea."

"Ukifika utachakura."

Kuku alifikiri. "Kweli," alisema, "nitachakura."

Mngempenda kuku huyo. Hakujua kudanganya. Na kwa sababu hakujua kudanganya, kamba haikurefushwa.

Siku chache baadaye Makiwa na Nakunda walipanda mlimani kukata fito za kuegemeza maharage. Juu ya bonde jua liliwaka, lakini nyuma ya mlima mbingu ilikuwa imekaza uso. Mvua ilinyesha huko, wao hawakuisikia. Walichosikia ni mngurumo, kisha wakaona maji yanaingia bondeni kutoka pande zote mbili, ya rangi ya udongo. Shamba moja likafunikwa, na jingine, na jingine. Maharage ya majirani, mahindi, yote chini ya maji.

Lakini matuta ya Makiwa yalisimama. Yalionekana kutoka kule juu kama migongo ya ng'ombe wanaovuka mto. Makiwa alitupa fito chini. Alicheka, akapiga vigelegele peke yake mlimani, akamkumbatia mtoto. Chakula kipo! Mtoto yupo!

Nakunda akavuta upindo.

"Bibi," alisema, "na kuku?"

Nawaambieni, mwanamke yule alikimbia. Alikuwa na magoti mabovu kama haya yangu, lakini alishuka mlima ule akianguka na kuinuka, na mtoto nyuma yake. Aliingia majini mpaka kiunoni.

Kuku alikuwa amesimama mwisho kabisa wa kamba. Alikuwa ameivuta ikawa ngumu kama fimbo, mguu uliofungwa umenyooka nyuma, shingo ile isiyo na manyoya ameinyoosha kuelekea gogo la tuta. Maji yalikuwa kifuani. Kati ya mdomo wake na gogo palikuwa na nafasi ya mkono mmoja tu. Juu ya tuta palikuwa pakavu. Mgongoni mwake vifaranga walibanana, na chini ya mabawa aliyoyatandaza juu ya maji walikuwepo wengine, na wengine walikuwa wameshachukuliwa na maji na kukwama kwenye majani, kimya.

Fundo lilikuwa limevimba kwa maji, halikufunguka. Makiwa alilikata kwa meno. Alimbeba kuku, akambeba kifaranga mmoja mmoja, akawaweka juu ya tuta, katikati ya maharage yenyewe, akawafunika kwa nguo yake. Nakunda alikuwa ameshapanda juu, ameshika kifaranga mmoja shavuni.

"Bibi," aliuliza, "mbona hawa hawakupanda huku? Wao hawakufungwa."

Makiwa aliwatazama. Vifaranga walikuwa na miguu huru, na mabawa mepesi, na sehemu kavu ilikuwa pale pale. Lakini mama yao alikuwa chini. Wangekwenda wapi?

"Nisamehe," alimwambia kuku. "Nisamehe, mama mwenzangu." Maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kuku alimtazama kwa jicho moja. Hakusema. Maji yalipopungua, alishuka na wanawe waliobaki, akarudi kichakani, na kipande cha kamba kikiburutika mguuni. Hakusema siku hiyo, wala ya pili, wala hajasema tena mpaka leo. Zile sauti mnazozisikia, za kuku akiwaita wanawe kuja kula, ni mabaki ya maneno.

Siku ile ile, kabla jua halijazama, Makiwa alikwenda kwenye pembe ya tuta akang'oa maharage yaliyokuwa pale. Aliyang'oa kwa mikono yake, mche mmoja mmoja, mazima na yenye maua. Akalainisha udongo, akamwaga jivu la kuku kuogea, akanyunyiza punje. Kisha kila asubuhi alikwenda ukingoni mwa kichaka akasema, "Pembe yako ipo," akarudi. Hakujibiwa. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na Makiwa alikuwa na wajukuu wawili sasa, mmoja wa damu na mmoja wa kujitakia.

Viwavi walianza kutoka chini ya magogo na kuikata miche shingoni. Makiwa na Nakunda waliwaokota kutwa nzima, wakashindwa. Hata hivyo kila asubuhi hakwenda kumwomba kuku msaada. Alikwenda kusema lile lile: pembe yako ipo.

Asubuhi moja akakuta pembe imechakurwa. Kuku alikuwa pale, amelala ubavu kwenye jivu akijirushia vumbi, na vifaranga, wakubwa kidogo sasa, wanapekua. Walipoimaliza pembe yao walipita kando ya magogo wakidonoa, na hakubaki hata kiwavi mmoja. Maharage hawakuyagusa. Mwenye kwake haibi.

Wakati wa kupanda mchicha ulipofika, Makiwa alihitaji kumfunga tena kwa muda, kwa ajili ya mwewe na kwa ajili ya miche. Alisokota kamba mpya, ndefu, akaiweka chini mbele ya kuku bila kumkamata. Akaishika ncha moja, akatembea nayo kutoka kwenye kisiki, akapanda juu ya tuta, akasimama hapo. Kamba ilifika, na bado ililegea. Kuku alitazama yote hayo. Kisha akasogea mwenyewe, akainua mguu mmoja, akangoja. Mpaka leo mtamwona kuku amesimama kimya, mguu mmoja ameukunja chini ya tumbo. Anangoja kamba ipimwe.

Mavuno yakaja. Bondeni wengi walikuwa wamehama kwenda kula kwa ndugu, lakini ghala la Makiwa lilikuwa na maharage hadi mlangoni, na mchicha uliokaushwa, na viazi. Mzee Kirumbi alishuka na mkaza mwanawe, mke wa mwanawe mwingine, wamebeba ndizi, maana haendi mtu kwa mkwe mikono mitupu. Alichungulia ghalani. Alizunguka matuta. Akakaa, akavua kofia.

"Umenishinda, mkwe," alisema, na alikuwa anatabasamu. "Neno langu ni lile lile. Mtoto ni wako."

Nakunda alikuwa nyuma ya bibi yake, upindo mkononi. Makiwa alipaswa kupiga vigelegele. Hivi ndivyo alivyoomba usiku na mchana. Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda mlimani, ambako wingu lilikuwa linakaa, kisha yakashuka kwa mtoto, kwa ule mkono mdogo ulioshika nguo.

"Mkwe," aliuliza, "huko kwako maji hufika?"

"Kwangu?" Kirumbi alicheka. "Maji ya kwangu hushuka kuja kwako."

"Basi hamieni kwetu, wewe na mtoto," alisema yule mkaza mwana haraka. "Nyumba ipo, mama."

Makiwa akatikisa kichwa. Alielekeza mkono upande wa makaburi mawili. "Binti yangu amelala pale. Mume wangu pale. Mimi kamba yangu ni fupi, mwanangu, na sikuifunga mwenyewe." Kisha akachuchumaa, akamgeuza Nakunda wamtazamane. "Mtoto huyu hajafungwa. Anabaki majini kwa sababu mimi niko majini. Mchukueni."

"Bibi, umenichoka?" Nakunda aliuliza, akauzungusha upindo mkononi.

"Sijakuchoka! Nani akuchoke wewe? Nakurefushia kamba." Sasa alikuwa analia wazi, wala hakuficha. "Wingu la kwanza la masika likikaa juu ya mlima ule, unashuka tunajenga tuta la kwanza mimi na wewe. Kila mwaka. Ukiwa mtoto, ukiwa mwali, ukiwa mke wa mtu. Na huyo mume atakuja pia, abebe magogo." Akamgeukia Kirumbi. "Na usipomleta, mkwe, nitapanda kumfuata na jembe mkononi, na adabu nitaiacha hapa bondeni."

"Nitamleta mwenyewe," Kirumbi alisema.

Waliongozana hadi kijitoni. Nakunda alishika upindo njia nzima, akavuka jiwe la kwanza akiwa ameushika, na la pili, na nguo ikanyooka. Makiwa hakuuvuta. Alinyoosha mguu, akainama mbele, akaupeleka upindo ule mbali kadiri mwili ulivyoweza. Ndipo mtoto mwenyewe akauachia.

Miezi ile ilikuwa mirefu kwa Makiwa. Aliongea na kuku, na kuku alimsikiliza. Wingu lilipokaa mlimani, hakuingia shambani. Alikaa kwenye gogo akijifanya anachambua mbegu. Mtoto akaja akikimbia, amenenepa, meno mapya yamejaa mdomoni, babu yake nyuma yake akihema. Hakumkimbilia bibi kwanza. Alikwenda kwenye tuta, akainama, akaangalia ile pembe.

"Bibi," alisema, "hujaipanda."

"Nitaipandaje," Makiwa alijibu, "na mwenyewe yuko njiani?"

Na tangu siku hiyo, katika milima hii, tuta halijazwi lote. Pembe moja huachwa na jivu lake, na siku tuta linapokamilika, wa kwanza kulikanyaga ni kuku na wanawe, mtu baadaye. Na tangu siku hiyo binti wa kwetu, hata akiolewa nyuma ya milima mingapi, masika yakiingia hurudi kwa mama yake kujenga tuta la kwanza, na mume wake hubeba magogo bila kununa. Sikusemi wewe, Eliamini. Wewe ulinuna mwaka jana. Mwaka huu umejitahidi.

Na tangu siku hiyo anayefunga kuku mgeni hupima kamba kwanza. Haya, inuka, makande yamekwisha. Ifungue ile fupi. Chukua hii niliyoisokota, anzia pale kwenye mti, njoo nayo. Panda juu ya tuta. Bado, imekaza hiyo. Ongeza. Iache ilegee kidogo, mkwe wangu, Naetwe mwonyeshe. Naam, hapo.

Siku ile mlipoondoka na mwanangu, niliposimama pale njiani mpaka mkapotea kwenye kona, watu walidhani nawaaga. Nilikuwa napima.